Kliniki ya ngozi KCMC: nimewashwa karibia miaka miwili, hapa ndo mtu wa kwanza kaniuliza nalalaje

Hii naiandika kwa ajili ya mtu ambaye sa hivi ni saa nane usiku, nyumba nzima imelala, yeye kakaa kitandani anajikuna huku anatafuta kwenye simu kuwashwa mwili mzima ni dalili ya nini. Mimi nilikua huyo mtu karibia miaka miwili. Kwaiyo mtaniwia radhi nikiwa mrefu, maana watu wakiandika kuhusu hospitali wanaongelea foleni na vyoo, na mimi nataka niongelee kitu kingine.

Mimi ni fundi cherehani, ofisi yangu ipo karibu na soko la Mbuyuni hapa Moshi. Muwasho ulianza mwezi wa sita, kile kibaridi ambacho mlima unajifunika wiki nzima hauuoni, nikaanza kuwashwa nyuma ya shingo, afu kwenye mikunjo ya viwiko, afu miundi yote miwili. Nikasema ni baridi tu itaisha. Baridi ikaisha, ikaja joto la mwezi wa pili, muwasho upo palepale na umeongeza maeneo.

Niwaambie nilichopitia kabla sijafika KCMC, ile hospitali kubwa ya rufaa hapa Moshi, maana najua wengi mko hukohuko. Duka la dawa la kwanza (silitaji) nikaambiwa ni upele, nikapewa ile dawa nyeupe ya maji, BBE, nipake mwili mzima. Mtu mwenye ngozi iliyochubuka kwa kujikuna akipaka ile kitu anajua mwenyewe, nilikua natembea chumbani kama nimemwagiwa pilipili. Nikarudia mara tatu. Haikua upele. Sehemu ya pili wakasema fangasi, vidonge mwezi mzima. Sehemu ya tatu nikauziwa katyubu kadogo ambako ndani kamechanganywa dawa ya fangasi, antibiotiki na steroidi kali (ile dawa ya kutuliza uvimbe), na hako jamani kalinitia moyo kwelikweli, siku nne tu ngozi ikatulia, nikaacha, wiki haijaisha ukarudi mara mbili yake, nikanunua kengine, ukatulia, ukarudi, hivohivo kama miezi mitano mpaka ngozi ya mkunjo wa kiwiko ikawa nyembamba naona mishipa na michirizi kama ya mimba. Hapo sijaongelea mwarobaini, maji ya chumvi, na vyakula nilivyokatazwa na kila mtu mwenye mdomo: usile kitimoto, usile mayai, usile dagaa, acha nyanya, acha maziwa. Nilifika mahali nakula ndizi na mchicha. Na bado nawashwa.

Sasa kuhusu maisha yenyewe. Mtu akikwambia ana maumivu unampa pole, unamletea uji. Ukisema unawashwa wanakwambia jikune. Kuna ndugu yangu aliniambia kabisa "si muwasho tu, kuna watu wana kansa", nikanyamaza, ningesema nini.

Lakini usingizi uliisha. Nalala saa nne, saa saba niko macho, najikuna mpaka saa kumi, afu saa kumi na moja na nusu natakiwa niamke watoto waende shule. Baba watoto alivumilia, kiukweli alivumilia, ila kitanda kikitikisika usiku kucha na yeye asubuhi anaenda kibaruani, siku moja akabeba blanketi akahamia chumba cha watoto. Hakusema neno baya. Ila ile asubuhi nilivyoona upande wake wa kitanda umetandikwa vizuri nililia.

Kazini nilianza kukosea vipimo. Nilijichoma sindano ya cherehani kwenye kidole mara mbili kwa usingizi. Na kuna siku ambayo siisahau: nilikua na gauni la kipaimara, jeupe, satini na leisi juu, la binti wa mteja wangu wa miaka mingi, na ibada ni Jumapili. Ijumaa jioni namalizia kupinda pindo, gauni liko mapajani, mkono wa kushoto umeshika kitambaa, wa kulia umeshuka kwenye muundi unakuna wenyewe bila mimi kujua. Nikarudisha mkono kwenye satini. Nilivyonyanyua nikaona doa, dogo kama punje ya mtama, jekundu, afu pembeni lingine limeburuzwa na kucha. Damu yangu kwenye gauni la kipaimara la mtoto wa watu. Nililoweka kwa maji baridi na mate (mafundi tunajua, damu unaitoa kwa mate yako mwenyewe), likatoka lote isipokua kivuli ambacho nilikiona mimi peke yangu, lakini niliifumua ile sehemu nikakata kipande kipya usiku huohuo. Mama wa binti alifurahi na gauni, hakujua kitu. Mimi ndo nilijua kwamba hii kitu sasa inataka kunitoa kwenye kazi.

Na kanisani, ile sehemu ya kupeana amani. Nilivaa mikono mirefu mwezi wa pili, Moshi, na joto mnalijua. Bado viganja vinaonekana. Kuna mama alinipa amani kwa kuinamisha kichwa tu, mikono yake kaificha kwenye kitenge. Simlaumu, watu wanaogopa kuambukizwa, na wengine wanawaza mambo mengine kabisa wakiona mtu ana madoadoa na anakonda. Nilijua wanachowaza. Nilianza kukaa benchi la mwisho nitoke kabla ya baraka.

Basi. Mteja mmoja ambaye ni nesi mstaafu aliniona nikijikuna shingo na rula yangu ya mbao, ile ya kupimia, akaniambia fundi hiyo shingo sio ya duka la dawa, nenda KCMC kliniki ya ngozi. Nikashangaa maana mimi nilijua KCMC ni ya watu wanaokufa, ajali na upasuaji. Kumbe pale kuna kituo cha ngozi kinachojulikana Afrika nzima, kipo tangu 1992, kinaitwa RDTC, wanafundisha matabibu miaka miwili mizima mambo ya ngozi tu, na wanafunzi wanatoka nchi kibao za Afrika kuja kusoma hapahapa Moshi halafu wanarudi makwao kutibu. Na ndo hapohapo ilipoanzia kutengenezwa losheni ya jua kwa ndugu zetu wenye ualbino. Sisi tunapita na daladala ya KCMC kila siku hatujui.

Nilifunga ofisi siku nzima, nikapanda daladala asubuhi mapema. Nikakaa benchi. Na lile benchi lenyewe lilinifundisha. Kushoto kwangu mama kijana na mtoto wa miaka kama miwili, vidole vimejaa vipele katikati ya vidole na viganjani, huyo sasa ndo alikua na upele wenyewe, na alishamtibu mtoto mara mbili peke yake. Alivyotoka ndani akanihadithia kaambiwa nyumba nzima wapake siku moja, hata asiyewashwa, kwasababu mtu akipata upele mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne mpaka sita ndo aanze kuwashwa na muda wote huo anaambukiza, afu warudie baada ya wiki, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto au yafungwe kwenye mfuko siku kadhaa wale wadudu wafe. Kumbe alikua anamponya mtoto afu mtoto anaenda kulala na bibi yake anaupata tena.

Kulia kwangu kulikua na mzee, anasafisha damu kwa mashine, figo. Ngozi yake haina kipele hata kimoja, kavu tu, ila anajikuna mgongo na ukuta. Aliniambia kwa sauti ya chini, "mwanangu, mashine naivumilia, huu muwasho ndo unanimaliza." Nilimuelewa kuliko mtu yeyote kwenye ile korido. Figo, ini, tezi ya shingo, hata upungufu wa madini ya chuma, vyote vinaweza kukuwasha bila kipele. Hata dawa. Nikamkumbuka mama yangu mzazi enzi za klorokwini, alikua akimeza anawashwa nyayo na viganja mpaka anasugua gunzi la mahindi, alikua anasema bora malaria yenyewe. Mliokua wakubwa kabla ya 2001, kabla serikali haijaiondoa ikaja dawa nyingine ya malaria, SP, mnaikumbuka ile. Watu walikua wanaficha vidonge chini ya godoro. Ule ulikua muwasho wa kweli, unawapata sana watu weusi, na wengi waliacha dozi kwa ajili yake.

Nikaingia. Tabibu kijana, mpole, kuna nesi wa kike pembeni. Kitu cha kwanza akasema, "mama, pole. Tangu lini? Na usiku unalalaje?" Nikamwambia. Akasema muwasho ukizidi wiki sita unaitwa sugu, na ukiitwa sugu hautibiwi tena kwa kubahatisha, unatafutiwa chanzo. Afu akaomba nivue nivae kanga, wakavuta pazia, akaniangalia mwili mzima kwenye mwanga wa dirisha. Kichwani, katikati ya vidole, chini ya matiti, mgongoni, kucha. Jamani karibia miaka miwili, maduka sijui mangapi, hakuna aliyewahi kuniangalia zaidi ya mkono niliouweka kaunta.

Alivyofika shingoni akaikamata ile ngozi kwa vidole viwili akaibinya polepole. Ilikua imekua nene, nyeusi, ina mistari kama ngozi ya kiganja. Akauliza, "hapa unajikuna na nini?" Nikaona aibu kusema rula. Nikasema. Hakucheka wala hakunigombeza. Akanieleza kwamba ngozi ikikunwa kila siku inaota sugu kama kisigino, na ile sugu yenyewe inawasha, kwaiyo unakuna kwasababu inawasha na inawasha kwasababu unakuna. Ukijikuna unajisikia vizuri kwasababu unaleta maumivu madogo yanayoufunika muwasho dakika chache, ila hapohapo umeijeruhi ngozi na inamwaga kemikali za kuwasha zaidi. Ni mara ya kwanza mtu ananieleza mwili wangu mwenyewe nikauelewa.

Na nikamuuliza kwanini usiku. Akasema usiku ngozi inapata joto, ile homoni ya mwili inayotuliza uvimbe inashuka, na akili haina kazi nyingine ya kuishughulisha, vyote kwa pamoja. Kwaiyo sikua nawaza tu, kama nilivyoambiwa.

Afu akatoa karatasi ya maswali kumi. Akanisomea moja moja kwa Kiswahili, yote yanahusu wiki iliyopita. Ngozi imekuwasha kiasi gani. Umeona aibu kiasi gani. Imekuzuia kwenda sokoni au kufanya kazi za nyumbani? Imekufanya uchague nguo? Kazi je? Mambo ya starehe, michezo, marafiki, mume. Ndio, swali la unyumba lipo, kaliuliza kwa heshima akiangalia karatasi, nesi yupo. Na la mwisho, matibabu yenyewe yamekusumbua kiasi gani, yanachafua nyumba, yanakula muda? Kila swali sifuri mpaka tatu, jumla 30. Kumbe hayo maswali yalitungwa Cardiff kule Uingereza mwaka 1994 na yanatumika dunia nzima, kuanzia 11 kwenda juu maana yake ugonjwa unayaharibu maisha yako sana.

Mimi nilipata 22.

Siwezi kueleza vizuri nilivyojisikia. Kuna namba. Ile kitu ambayo ndugu yangu alisema ni muwasho tu ina namba, na namba yenyewe kubwa, na mtu kaiandika kwenye faili langu kwa peni. Nilivyofika kwenye swali la usumbufu kwa mume nilishindwa kujibu nikaanza kulia, nesi akanipa tishu akanishika bega, na tabibu akasubiri. Alisubiri tu. Afu akaniambia kuna utafiti ulifanyika Marekani, ulitoka 2011, waliwalinganisha watu wenye muwasho sugu na watu wenye maumivu sugu wakakuta maisha yanaathirika kwa kiasi kinacholingana. Nimeyabeba hayo maneno mpaka leo.

Vipimo nilifanya damu: wingi wa damu, sukari, figo, ini, tezi, na HIV kwa kuniomba ridhaa. Vyote salama. Kwaiyo ni ukurutu, wengi tunaita pumu ya ngozi, pamoja na zile sugu za kujikuna. Na nikauliza kuhusu vidonge vya aleji nilivyomeza mwaka mzima, akasema muwasho una njia nyingi kwenye mishipa ya fahamu, vile vidonge vinaziba njia moja tu, na kwenye pumu ya ngozi mara nyingi muwasho unapita njia nyingine. Ndo maana nilikua nasinzia tu na kuendelea kujikuna nikiwa nimesinzia.

Matibabu sasa, na hapa nitasema na yaliyonikera. Nilivyotegemea ni sindano moja kubwa ya kumaliza mambo. Nikaambiwa acha maji ya moto. Mimi nilikua naoga maji ya moto kabisa, yale ya kuunguza, kwasababu muwasho ulikua unakata kwa nusu saa, kumbe nilikua nayatoa mafuta yote ya ngozi. Maji ya vuguvugu, haraka, sabuni isiyo na manukato, sio zile sabuni za dawa. Ukitoka bafuni usijikaushe mpaka ukakauka, ndani ya dakika tatu ngozi ikiwa bado na unyevu unapaka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, mwili mzima, mengi. Kopo la gramu 250 linaisha ndani ya wiki na ndo linavyotakiwa liishe. Steroidi nikapewa pia, nikaogopa kwasababu ya kale katyubu, akaniambia shida sio steroidi, shida ni kupaka bila kipimo na bila mpango. Kipimo ni hiki: kamua kwenye ncha ya kidole cha shahada mpaka pingili ya kwanza, hiyo inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Ile kali kwenye sugu za shingo na miundi tu, wiki mbili, afu mara mbili kwa wiki. Usoni usiguse. Kwenye mikunjo dawa nyepesi. Kucha fupi. Na ukiwashwa, kitambaa kilicholowa maji baridi badala ya kucha.

Yaliyonikera: mafuta. Fundi cherehani mwenye mafuta mwilini ni kesi, yanaganda kwenye kitambaa cha mteja, hariri na satini ndo kabisa. Nilienda kulalamika kliniki ya pili na tabibu akapanga upya na mimi, mchana napaka kiasi chini ya shati la pamba la mikono mirefu na nanawa mikono kabla ya kushika kazi, usiku ndo najipaka kama chapati. Mashuka yanachakaa, yanashika vumbi, yananuka mafuta, baba watoto alinunua mashuka mawili ya kulalia mimi tu. Na hela: mafuta, sabuni, krimu, nauli, siku ya kufunga ofisi, ukijumlisha inauma. Ila nilijumlisha na nilizotupa kwenye vityubu na vidonge kabla, hizo zilikua nyingi zaidi, nina daftari.

Wiki ya kwanza sikuona kitu, nikataka kuacha. Msiache wiki ya kwanza. Siku ya tisa au ya kumi nililala saa nne nikaamka na jogoo. Nilikaa kitandani nikidhani nimeumwa, kumbe nimelala tu usiku mzima. Miezi miwili baadae nikaulizwa tena yale maswali kumi, nikapata 7. Baba watoto alisharudi chumbani, na hilo swali safari hii nililijibu mwenyewe bila kuvutwa.

Sijapona, niseme ukweli, na walinieleza mapema kwamba pumu ya ngozi inatulizwa na inaweza kurudi. Mwezi wa saba mwaka huu baridi ilivyoshika nilianza tena miundi, nikarudi kwenye mpango, wiki mbili ikatulia. Sugu ya shingo imebaki weusi ila imelainika. Wale mnaoniuliza jina la krimu siwatajii, sio uchoyo, ni kwasababu kale katyubu nilikanunua hivohivo, kwa jina nililopewa na mtu ambaye shida yake sio yangu.

Kama uko Moshi, Hai, Rombo, hata Arusha, na umewashwa zaidi ya wiki sita, nenda. Usipange shughuli nyingine siku hiyo. Vaa nguo rahisi kuvua, usipake kitu chochote asubuhi ili waione ngozi yenyewe, na beba tyubu zote ulizowahi kutumia hata zilizoisha, mimi nilibeba kumi na moja kwenye mfuko wa rambo, akazipanga mezani akasoma moja moja, na saba kati ya hizo zilikua dawa ileile yenye majina tofauti.